Deni la cheti cha ualimu: tuligawe kwa mshahara upi?

Ndugu Mshauri,

Salaam. Kazi yetu ni kuwasaidia vijana wenye shahada wanaotaka kuongeza cheti cha ualimu cha mwaka mmoja wapime kama mkopo wake utalipika. Hesabu ni fupi: marejesho ya mwaka unayagawa kwa mshahara wa mwaka. Ila kila namba kati ya hizo mbili ina sura kadhaa, na mwombaji tuliye naye sasa anapata jibu jipya kila tunapobadilisha moja.

Mshahara wa kuanzia wa mwalimu mpya, kwa mwaka, kabla ya makato, tuuite 100. Ada ya cheti ni 18. Chakula, pango na nauli vya mwaka wa masomo ni 22, na vyote vitatoka kwenye mkopo, kwa sababu mazoezi ya kufundisha yanachukua muhula mzima, asubuhi hadi jioni, bila malipo. Deni la shahada lililobaki ni 45. Riba ni asilimia 6 kwa mwaka na muda wa kulipa ni miaka 10. Kwa masharti hayo, kila 100 ya deni hudai marejesho ya karibu 13.3 kwa mwaka.

Ukihesabu ada peke yake, marejesho ni asilimia 2.4 ya mshahara. Ukiingiza gharama za kujikimu, 5.3. Ukiingiza na deni la shahada, 11.3. Na mshahara hauji mzima: ikiwa baada ya kodi na pensheni anabaki na 78 mkononi, ile 11.3 ni karibu asilimia 14.5 ya anachokishika. Hapo hatujagusa riba ya miezi 12 ya masomo na 6 ya kungoja kuanza kulipa, ambayo peke yake inaongeza 3.6 juu ya mkopo wa cheti kama ulitolewa wote mwanzoni.

Kipimo tunachokiegemea ni cha Idara ya Elimu ya Marekani. Kanuni yake ya 2014 iliipitisha programu ya cheti kama marejesho hayakuzidi asilimia 8 ya mapato ya mwaka, au asilimia 20 ya kinachobaki baada ya kutoa kiasi cha kujikimu. Kanuni hiyo ilifutwa 2019, ikarudi kwa sura mpya 2023. Lakini ilitungwa kupima programu, si mtu. Deni ambalo mwanafunzi alilichukua kwenye chuo kingine halikuwamo, wakati mwombaji wetu atakatwa kwa madeni yote mawili kutoka mshahara uleule. Jambo moja wale walilifanya vizuri: kwa vyeti walifunga hesabu kwenye miaka 10. Ukilivuta deni hili la 85 hadi miaka 20, marejesho yanashuka hadi 7.3 na kipimo kinasema amefaulu, ila riba yote inapanda kutoka 28 hadi 61.

Kinachotusumbua zaidi ni mshahara. Chuo anachokitaka kinatangaza mapato ya katikati ya wahitimu (nusu yao wanapata zaidi, nusu wanapata chini) miaka mitatu baada ya cheti: 125. Wengi wa wanaosoma pale ni walimu walio kazini tayari, waliofuata cheti ili wapandishwe daraja. Mwalimu wa aina hiyo anaweza kuwa na miaka minane ya nyongeza, na mara nyingi hakukopa chochote kwa kuwa mshahara wake haukusimama. Akichanganywa na mgeni wa kazi kama mwombaji wetu, mapato yanapanda na deni linashuka kwa pamoja, na uwiano unapendeza bila kumhusu mgeni hata kidogo. Tumeomba chuo kitenge namba tatu: wangapi waliingia wakiwa hawajaajiriwa kufundisha, wangapi kati yao walipata nafasi ndani ya miezi 12, na walianza na mshahara gani. Tumejibiwa kwa 125 ileile.

Kuna njia ya pili: asome miaka miwili jioni huku akiwa mwalimu msaidizi kwa 60 kwa mwaka, akope ada tu. Hapa watu hukosea kwa kuhesabu ile 22 kama faida. Kula atakula kwa njia zote mbili. Tofauti halisi ni kipato: 120 kwa miaka miwili dhidi ya 100 ya anayesoma kutwa, ambaye mwaka wa kwanza hapati kitu, yaani 20. Anayesoma kutwa anatangulia ngazi moja ya mshahara. Nyongeza ikiwa 3 kwa mwaka, atahitaji karibu miaka saba kuifidia hiyo 20, na zaidi ukiweka riba ya deni lake kubwa. Ila njia hii inasimama tu kama nafasi ya msaidizi ipo na haitakatika katikati ya masomo.

Tunaomba ushauri wako kwa matatu. Tumgawie kwa 100 au kwa 125, ikiwa chuo hakitatenga takwimu? Deni la shahada liingie kwenye kikomo cha asilimia 8, au liwe na kikomo chake? Na miezi ya kungoja ajira tuipe uzito gani: tumwambie aweke akiba ya marejesho ya miezi mingapi kabla hajasaini mkopo?

Wenu,
Washauri wa wanafunzi