Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Arnika Imekubali, kwa Shingo Upande

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Suala la funguo za banda limekwisha, silirudii. Muda wangu nautumia kwenye arnika, maana ndiyo iliyotula nguvu mwaka huu.

Mkutano mkuu uliopita uliamua tujaribu kuotesha ua hili la milimani kwenye viwanja vyetu vya bustani hapa chini ya Schwarzwald, milima yenye misitu ya kusini-magharibi mwa Ujerumani. Wengi wetu tulilijua kwa marhamu ya duka la dawa tu, ile ya kupaka palipovilia damu au mguu ulioteguka. Huko juu, kuelekea kilele cha Feldberg, bado linaota kwenye malisho ya zamani yasiyotiwa mbolea, lakini limepungua sana. Ujerumani ililitangaza kuwa Ua la Mwaka 1986 ili watu wazinduke, na sheria inalilinda: la porini halichumwi wala haling'olewi. Aliyependekeza "tukachukue miche miwili mitatu tu" alijibiwa kikaoni, na jibu halijabadilika. Mbegu na miche tulinunua kitaluni.

Kilichotuangusha ni bidii. Tumelelewa kuamini kwamba shamba lisilo na samadi lina mwenye mvivu. Arnika haitaki samadi, haitaki majivu, na chokaa ndiyo kabisa. Inataka udongo wenye tindikali, uliokonda, usiotuamisha maji. Viwanja vilivyolishwa vizuri vilitoa majani ya manjano, kisha vikatoa magugu. Waliochanganya mchanga na udongo wa rododendroni (kichaka cha maua kinachopenda tindikali), wakamwagilia maji ya mvua kutoka kwenye mapipa, wana miche mizuri leo. Mbegu iwe mbichi, inyunyizwe juu ya udongo bila kufukiwa, kwa sababu huhitaji mwanga ili iote. Halafu kuna konokono wasio na kombe. Wanaipenda arnika kuliko saladi, na wanakuja usiku.

Mwaka wa kwanza mche wa mbegu hutoa majani tu, kwa hiyo tulikwea mlima Juni kujifunza kulitambua ua lenyewe. Kila mtu alipiga picha ya kila kitu cha njano! Basi, acheni ua kwanza, tazameni majani. Arnika ina majani mapana yenye vinyweleo yaliyolala chini kwa duara. Kwenye shina, lenye kimo cha sentimita 20 hadi 60, kuna jozi moja au mbili za majani yanayotazamana. Jamaa zake wengi wa njano, doronikamu akiwemo, hupishanisha majani shinani. Ukivunja shina likatoa utomvu mweupe, hiyo si arnika. Lakini msivunje kitu mlimani kwa kujaribu. Jaribuni kwenye magugu ya nyumbani.

Hili nalisema kwa sauti ya juu, maana kwetu dawa ya majani huchemshwa ikanywewa: arnika hainywewi. Ina helenalini, ambayo ni sumu kwa moyo na tumbo. Ni ya kupaka, tena si kwenye kidonda kilicho wazi, na anayedhurika na maua ya jamii ya alizeti aiache.

Wenye udongo wa chokaa wameomba kupanda arnika ya Marekani, *Arnica chamissonis*, ambayo huvumilia bustani ya kawaida. Mimi sina kipingamizi, ila iwekewe kibao chake. Ina maua madogo na jozi nyingi za majani shinani, na famakopia ya Ulaya, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa, inatambua *Arnica montana*, hii yetu ya milimani, peke yake. Tukizichanganya, hata sisi wenyewe hatutajua tunachokausha.

Mwakani kamati inapendekeza miche bora ikusanywe kwenye tuta moja la pamoja. Arnika haijichavushi vizuri yenyewe. Mche mmoja mmoja kwenye kila kiwanja hautatupa mbegu za maana. Anayekubali kutoa miche yake ajiandikishe kwa katibu kabla ya Machi, na ailete na udongo wake kwenye chungu.