Barua kwa Saumu: Meli ya mpingo na miaka ya 1200 KK

Mpendwa Saumu,

Habari za Lindi? Huku Morogoro sote wazima, tunashukuru Mungu. Barua yako niliipata na swali lako limenikaa kichwani: ukipewa kipindi kimoja tu cha kuwafundisha vijana wako habari za ulimwengu wa kale, uchague tukio gani? Wenzako watakuambia piramidi, au Aleksanda, au kuanguka kwa Roma. Mimi nakuomba uwapeleke kwenye miaka ya karibu na 1200 KK, pale dola kubwa za mashariki ya Mediterania zilipoporomoka moja baada ya nyingine, ndani ya umri wa mtu mmoja.

Usianze na mfalme. Anza na meli. Mwaka 1982 mzamiaji mmoja wa Uturuki, aliyekuwa akitafuta sifongo karibu na rasi ya Uluburun, aliibuka na kusema ameona chini kule biskuti za chuma zenye masikio. Zilikuwa pande za shaba. Wanaakiolojia walizamia pale kuanzia 1984 hadi 1994, zaidi ya mita 40 chini ya maji, wakaopoa shehena ya meli iliyozama yapata 1300 KK. Shaba ya Kupro ilikuwa tani 10 hivi, na madini ya bati yapata tani moja. Ukiyeyusha kumi kwa moja namna hiyo unapata bronzi, na bronzi ndiyo iliyokuwa panga, jembe, shoka na patasi za zama zile. Mle melini kulikuwa pia na mapande ya kioo cha buluu, pembe za ndovu, meno ya kiboko, maganda ya mayai ya mbuni, na kito kidogo cha dhahabu chenye jina la Nefertiti, malkia wa Misri.

Sasa shika moyo, Saumu. Kulikuwa na magogo meusi, na wataalamu walipoyapima wakakuta ni mpingo. Mpingo huu huu unaoota huko kwenu, wanaouchonga Wamakonde! Usije ukawaambia vijana ulikatwa Kilwa, maana mti huo unaota kuanzia Sudan na Ethiopia hadi Msumbiji, na Wamisri waliupata kutoka nchi zilizo kusini yao. Lakini waache waushike mkononi wakati unasimulia.

Shehena hiyo inaeleza nguvu ya dunia ile na udhaifu wake pia. Bati lilitoka mbali sana, shaba ilitoka kisiwani, nafaka ilitoka Misri, na hakuna dola iliyojitosheleza. Misri na Wahiti, dola kubwa iliyotawala nchi ya Uturuki ya leo, walipigana Kadesh, Syria, mwaka 1274 KK, wakafunga mkataba wa amani mwaka 1259 KK, na baadaye farao Merneptah aliwapelekea Wahiti nafaka wasife njaa. Kisha mvua zikakosekana. Pete za miti ya kale, yaani zile duara za kila mwaka ndani ya shina, iliyochimbuliwa Gordion, Uturuki, zinaonyesha ukame mkali karibu na miaka ya 1198 hadi 1196 KK, mfululizo. Hattusa, mji mkuu wa Wahiti, ulihamwa muda mfupi baadaye.

Huko Ugarit, bandari tajiri ya pwani ya Syria, mfalme Ammurapi alimwandikia mfalme wa Alashiya, yaani Kupro, kwenye kibao cha udongo. Alisema meli za adui zimefika na miji yake imechomwa moto, na yeye hana wa kumlinda: askari wake wako nchi ya Wahiti, meli zake ziko Lukka, pwani ya kusini-magharibi ya Uturuki ya leo. Alitaja idadi ya meli hizo za adui, nazo ni saba tu. Ugarit uliteketea na haukujengwa tena.

Vitabu vingi huwatupia lawama yote wale wanaoitwa Watu wa Bahari, makundi ya wavamizi waliokuja kwa meli na kwa nchi kavu, ambao farao Ramesses III alijisifu kuwashinda yapata 1177 KK, akachonga ushindi wake kwenye kuta za hekalu la Medinet Habu. Sikubaliani navyo. Waliochongwa pale wamo na mikokoteni ya ng'ombe, wake zao na watoto. Naona watu waliohama kwao kwa dhiki, wakawa dhiki kwa wengine.

Na huyo mshindi mwenyewe? Mwaka wa 29 wa utawala wake, yapata 1157 KK, mafundi wa kijiji cha Deir el-Medina, waliochimba makaburi ya mafarao, waligoma. Posho yao ilikuwa magunia ya ngano na shayiri, nayo ilichelewa. Wakaweka zana chini, wakavuka vizuizi vya walinzi, wakaenda kukaa nyuma ya hekalu. Wakubwa walikuja na viapo na ahadi, wao hawakuondoka. Walisema kilichowaleta ni njaa na kiu, kwamba hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki wala mboga, na habari hizo zipelekwe kwa farao. Mwandishi aliyaandika yote kwenye mafunjo ambayo leo yako Torino, Italia. Ndio mgomo wa kwanza wa wafanyakazi ulioandikwa kwa undani tunaoujua, na mwishowe walipewa posho ya mwezi uliopita.

Miongo michache baadaye Misri ilipoteza Kanaani. Ugiriki ikaacha kuandika kwa karne kadhaa, hadi ilipochukua herufi za Wafoinike. Chuma kikaanza kushika nafasi ya bronzi.

Maneno ya Ammurapi na ya wale mafundi nimekunakilia kwenye karatasi ya pili. Wasomee vijana kabla hujawatajia farao yeyote, kisha uwaulize wao dola ilianza kuanguka siku gani. Niandikie walichojibu. Mama msalimie sana, na watoto pia.

Ndugu yako,
Rehema