Kadi haikuwa imekufa, msikubali ifomatiwe

Mhariri,

Salaam kutoka Likoni. Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu maana hili jambo la memori kadi yangu kufutwa saiba limeniuma kweli.

Mie nauza samaki, nna friza mbili dukani. Mwaka jana mpwa wangu akanifungia kile kikompyuta cha Raspberry Pi, kile kinatoshana na kadi ya benki, akakiunganisha na sensa iliyotumbukizwa ndani ya friza, na kila dakika 5 kinaandika baridi imefika ngapi. Stima ikipotea chenyewe kinaendelea na pawabanki. Nilitaka hivyo kwa sababu samaki wakiharibika kila mtu ana lake, kijana wa dukani asema stima ilipotea, fundi wa friza asema mlango uliachwa wazi, na hasara yaniangukia mie. Sasa kwa zile rekodi naona mwenyewe, saa nane usiku ilikuwa -18, saa kumi imefika -6, haya niambie nani alikuwa hapo.

Basi siku moja nikataka zile faili nizitazame kwa komputa kubwa, na mpwa yuko kazini Voi. Nikachomoa memori kadi, tena bila kuzima, hilo nalo kosa langu, nikaipeleka saiba moja karibu na feri. Kijana akaitia, Windows ikatoa maneno kwamba hii diski lazima ifomatiwe, yaani ifutwe na kupangwa upya, ndo itumike. Akanigeukia, "Mzee, kadi yako imekufa hii, nikufomatie?" Nami nikamwambia haya. Miezi minane ya rekodi, kwisha.

Kumbe kadi ilikuwa nzima bana! Mpwa aliporudi ndo kunieleza, ile kadi imegawanywa, kuna kipande kidogo cha kuwashia ambacho Windows yakisoma, halafu kipande kikubwa ndo kina mfumo wenyewe na faili zako, na hicho kimepangwa kwa mtindo unaoitwa ext4, wa Linux, ule mfumo unaoendesha kikompyuta. Windows haiujui. Ni kama umpe mtoto wa siku hizi barua ya babu, Kiswahili kitupu lakini kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, akwambie hii ni michoro tu, tuifute. Pale ni kubonyeza Cancel na kuichomoa kadi yako.

Tena kadi yenyewe haina haja ya kutoka. Nilimuuliza si nichomeke waya wa USB tu kama simu, akacheka, "Mjomba, hicho si flashi, ni komputa kamili, zungumza nacho kwa mtandao." Na mtandao si lazima uwe na bando. Tuliwasha hotspoti ya simu yangu, laptopu na kikompyuta vyote vikaingia humo humo, na faili zikapita bila kula hata shilingi, kwa sababu haziendi nje. Muhimu viwe kwa wai-fai moja, kimoja kikiwa kwa ruta na kingine kwa simu havitaonana hata mkeshe.

Njia ya haraka ni programu ya WinSCP kwa Windows, ni ya bure, waandika anwani ya kikompyuta (ukiwa kwenye Pi yenyewe andika hostname -I yakupa), jina na paswadi, basi waona foda zako upande mmoja na za Pi upande wa pili, wavuta tu. Lakini lazima SSH, ile njia ya kuingia kwenye kikompyuta kwa mtandao, iwe imewashwa, tangu mwisho wa 2016 yaja imezimwa. Na zile video za zamani zinazokwambia jina ni pi na paswadi ni raspberry, achana nazo, tangu 2022 hilo jina halipo, waweka lako mwenyewe wakati wa kuandaa kadi.

Mie nilitaka foda itokee kila siku kwa laptopu kama foda nyingine, kwa hivyo akaniwekea Samba, ambayo si ngoma ya Brazili, ni programu alianza kuitengeneza Mwaustralia Andrew Tridgell mwaka 1992 ili mashine zisizo za Windows zielewane na za Windows. Paswadi ya Samba yawekwa kivyake kwa amri ya smbpasswd, hata kama ile ya kuingilia unayo. Hilo lilitupotezea jioni nzima, twaandika paswadi sahihi, yatukataa, tukadhani ruta.

Ninachoomba, mhariri, ni mutenge japo nusu ukurasa kwa wiki mueleze haya mambo kwa Kiswahili. Na nyinyi vijana wa saiba, kabla hujagusa kadi ya mtu muulize kwanza imetoka wapi, kwa kamera, simu ama kikompyuta. Ni swali moja tu.

Yule kijana nshamsamehe, alikuwa ataka kunisaidia. Ila kadi simpi tena.

Muuza samaki,
Likoni, Mombasa