Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa Kuhusu Madaktari Wanagenzi

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mkunga, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita katika wodi za kujifungulia za hapa Mombasa. Nakuandikia kuhusu madaktari wanagenzi, vijana wanaoletwa kwetu kwa mwaka mmoja baada ya chuo, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kuitwa usiku hali ya mgonjwa inapogeuka.

Usiku mmoja tulimpokea mama aliyejifungulia ng'ambo ya Likoni, akasubiri feri, akatufikia akiwa amekwisha kuvuja damu nyingi. Mwanagenzi aliyekuwa zamu aliyajua yote kwa kalamu: kwamba hutolewa oksitosini, dawa ya kukaza tumbo la uzazi, tumbo hilo hukandwa, na asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, haifai kucheleweshwa kupita saa 3 tangu kujifungua. Lakini hakuwahi kuyafanya kwa pamoja, damu ikitiririka na watu wanne wakingoja aseme nani ashike nini. Alishika simu amwite daktari bingwa, akaiweka chini. Aliniambia baadaye kwamba aliogopa kukemewa. Mama alipona, Alhamdulillahi, ila hakuna mkubwa yeyote aliyeketi na kijana yule kuyapitia yaliyotokea.

Simlaumu, kwa kuwa mikono haizoei kazi kwa kusoma. Ninachoomba ni mazoezi ya dharura ndani ya wodi zenyewe, si katika kumbi za hoteli, nusu saa kila wiki wakati wa kupokezana zamu, daktari na wauguzi wakiwa pamoja, wakitumia toroli lile lile la dharura ili kila mmoja ajue adrenalini iko wapi na kama taa ya laringoskopu, kifaa cha kuangalia koo wakati wa kuingiza mrija wa hewa, inawaka. Nchini tayari tuna mafunzo ya ETAT+ kwa dharura za watoto, na ni mazuri, lakini ustadi usiorudiwa hufifia baada ya miezi michache.

Pamoja na hayo, jina la daktari bingwa wa zamu libandikwe ukutani, na iwe ni wajibu wake kuja anapoitwa, hata ikibainika kwamba hapakuwa na hatari. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Naamini kumwacha mwanagenzi peke yake kando ya kitanda ni njia mojawapo ya kumnyima mgonjwa haki hiyo.

Naomba mpango huu uanzie wodi za uzazi, kabla kundi lijalo halijapangiwa zamu za usiku. Siku zangu za mapumziko niko tayari kuzitoa kufundisha.

Wako mwaminifu,
Mkunga, Mombasa