Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka Tuliomsoma Margaret Trowell

Ndugu wanachama,

Nawashukuru kwa kufika, hasa nyinyi wa Rombo mliodamka alfajiri kuwahi gari. Hesabu atazisoma mtunza hazina na mimi sitazirudia. Niseme tu kwamba ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana, chumba chetu cha vifaa kimeezekwa upya, na hatudaiwi na mtu. Wenzetu wawili, wachongaji wote, wametangulia mbele ya haki. Tutasimama kuwakumbuka kabla ya chakula.

Muda wangu nautumia kwa jambo lililotushughulisha tangu Machi, yaani maisha ya Bibi Margaret Trowell. Baadhi yenu mliniuliza waziwazi kwa nini chama cha wasukaji, wachongaji na wachoraji wa Kilimanjaro kihangaike na mama wa Kiingereza aliyeishi Kampala. Jibu liko Machame na Marangu. Sam Ntiro wa Machame na Elimo Njau wa Marangu, wote walisomea uchoraji Makerere katika shule aliyoianzisha mama huyu. Picha ya Ntiro ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ilinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York mwaka 1960. Pombe ile ni ya kwetu, na migomba ile ni ya kwetu.

Trowell alizaliwa London mwaka 1904, akasomea uchoraji katika shule ya Slade, kisha ualimu. Mwaka 1929 alifuatana na mumewe, daktari Hugh Trowell, hadi Kenya, na mwaka 1935 wakahamia Uganda. Mwaka 1937 alianza kufundisha barazani kwake, Mulago, bila jengo wala mshahara. Aliwasimulia wanafunzi tukio, wakafumba macho mpaka walione, ndipo wakashika brashi. Mwaka uliofuata kazi zao zilionyeshwa Namirembe, na mwaka 1939 zikafika London. Kati ya wanafunzi wa mwanzo alikuwamo Gregory Maloba wa Kenya, aliyekuja kuunda sanamu ya uhuru pale Kampala, mama aliyefungwafungwa anayemwinua mtoto juu. Wenzetu sita waliosafiri Agosti walisimama chini yake, na mmoja wao, fundi wa mpingo wa miaka mingi, hakutaka kuondoka.

Ila kilichotupeleka Kampala hasa ni Makumbusho ya Uganda. Yalianzishwa mwaka 1908, yakakaa kwenye ngome ya Lugard, yule afisa Mwingereza wa mwanzo wa ukoloni, na watu wa pale waliyaita kwa jina lenye maana ya nyumba ya hirizi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Trowell ndiye aliyekuwa msimamizi wake, na mkusanyiko ukahamishiwa Makerere. Asubuhi mwalimu wa uchoraji, mchana mlinzi wa vyungu, ngoma, ngao na vibuyu. Jengo la sasa la Kitante lilifunguliwa mwaka 1954, na kabla yake, mwaka 1953, yeye na mtaalamu wa muziki Klaus Wachsmann walitoa kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za makabila ya Uganda. Yeye aliandika juu ya vitu vya nyumbani, Wachsmann juu ya ala za muziki.

Nakala ya kitabu hicho tuliazimwa kwa wiki tatu. Nataka niwaambie kilichotokea siku ya pili. Mama mmoja wa kikundi cha Machame, ambaye Kiingereza hajui hata neno, alifunua ukurasa wenye michoro ya ususi. Aliutazama kimya, akavuta ukindu kwenye mfuko wake, akaanza. Alizungusha, akafumua, akatazama tena, akageuza kitabu upande. Baadaye akasema, "Huyu msusi wa huku anaanza kitovu kwa mkono wa kushoto." Ndani ya saa moja kitovu cha kikapu kilikuwa mezani. Kimewekwa pale kwenye kabati, kwendeni mkakione. Kitu kilichoandikwa namna kilivyotengenezwa kinaweza kuzaliwa upya mikononi mwa mtu asiyemjua aliyekiandika.

Hapo ndipo nilipoona aibu ya chama chetu. Katika chumba chetu tuna vitu mia na kitu: mizinga, kata za mbege, ile pombe yetu ya ndizi, vigoda, mikeka, vinyago. Mvua za Aprili, kabla ya paa jipya, ziliingia kwenye sanduku la karatasi za maelezo. Lilipofunguliwa, wino ulikuwa umeyeyuka. Vitu vyenyewe vimesalimika, lakini kwa zaidi ya nusu yake hatuwezi tena kusema kilitoka kijiji gani wala nani alikitengeneza. Kosa hilo ni langu na la kamati yangu, na naomba radhi.

Lipo jambo ambalo sikubaliani na Bibi Trowell, na si vizuri nilifunike kwa sababu tunamheshimu. Aliamini kwamba mchoraji Mwafrika akue kutoka katika mila zake, na alikuwa mwangalifu sana wanafunzi wasizamishwe mapema katika sanaa ya Ulaya. Nia ilikuwa njema. Lakini aliyeamua lipi ni la Kiafrika na lipi si la Kiafrika alikuwa yeye, si wao. Ntiro na Njau walipovuka hapo walichora walichotaka. Njau alichora maisha ya Kristo katika kanisa la Murang'a, katika nchi na watu wa pale pale, kisha mwaka 1965 akawa mmoja wa waanzilishi wa Paa ya Paa jijini Nairobi, nyumba ya sanaa iliyoendeshwa na wasanii wenyewe. Mwanafunzi alichukua ufunguo wa mlango. Nadhani hilo ndilo tunda bora la kazi ya mwalimu wake.

Pale Kitante wenzetu walielezwa pia juu ya vitu vya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, vilivyochukuliwa zama za ukoloni vikakaa Cambridge hadi viliporudishwa mwaka 1962. Mwaka 2024 vitu vingine 39 vilitoka Cambridge kurudi Uganda, safari hii kwa mkopo. Neno hilo liliniuma. Kitu cha babu yako kuja kwako kwa mkopo ni jambo zito, na wenzetu wa makumbusho ya Uganda nawapa heshima yangu yote kwa kuendelea kulishughulikia kwa subira.

Tangu Septemba tumeanza upya. Mzee mmoja wa Kibosho alituletea kata yenye ufa ulioshonwa kwa uzi wa mgomba, mishono kumi na mmoja, midogo kama punje za ulezi. Tulimuuliza nani aliishona. Alikaa, akashika kidevu, akataja jina la baba yake mdogo, akaeleza na sababu: ilipasuka siku ya ngoma, na hapakuwa na kata nyingine. Yote tumeyaandika, na picha imepigwa.

Kamati inaomba mkutano uridhie mambo mawili. Kitu chochote kisipokelewe bila jina la fundi, kijiji, na maelezo ya namna kilivyotengenezwa, kwa Kiswahili au kwa Kichaga, maadamu msemaji anajua anachosema. Na kila karatasi iwe na nakala ya pili, itakayotunzwa nje ya chumba.

Kwa vile vilivyopoteza maelezo, tumevipanga ukumbini nyuma yenu. Daftari na kalamu viko mlangoni. Ukikitambua kitu, hata kwa kovu tu la kisu, usitoke kabla hujamwita katibu.