Mama Baraka, fungua hilo sanduku

Mama Baraka mpendwa,

Bwana asifiwe. Huku mtaani Umoja tu wazima, maji bado yanakuja siku yanayotaka yenyewe. Ujumbe wako niliusoma usiku, nikaanza kukujibu kwenye simu, nikafuta. Haya si ya kwenye simu. Umeniomba nikuombee imani yako isitetereke, na ninakuombea. Lakini kuna neno nataka kukuambia, na wewe unanijua, mimi sizunguki mbuyu.

Tangu ile kesha ulipoitwa mbele ukaambiwa kwamba kabla ya mwaka kuisha utakuwa umepanda ndege kwenda Uingereza kufanya kazi ya unesi, umesimamisha kila kitu. Kochi umeuza, friji umeuza, sanduku limefungwa liko karibu na mlango. Baraka hujamtafutia shule kwa sababu "tutakuwa tumeondoka". Na sasa ile kliniki ya Embakasi imekuita kazini, unataka kukataa, eti ukikubali utakuwa umemwambia Mungu kwamba humwamini. Hapo ndipo usingizi uliniruka.

Sidharau unabii. Nisingethubutu. Paulo aliwaambia Wathesalonike wasitweze unabii. Ila hapo hapo, kabla hata hajavuta pumzi, akawaambia wajaribu mambo yote, walishike lililo jema. Kwenye makesha yetu sehemu ya kwanza inahubiriwa mpaka maikrofoni inakwaruza. Ya pili sijaisikia siku nyingi.

Umeniandikia Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Nani hapa Nairobi hajui aya hiyo? Iko nyuma ya matatu, iko kwenye kalenda za ukutani, iko kwenye kadi za mahafali. Sasa chukua Biblia yako uanzie nyuma kidogo, sura ya 28. Usiharakishe.

Watu wa Yuda walikuwa wamechukuliwa mateka mpaka Babeli, pamoja na mfalme wao Yekonia na vyombo vya hekalu. Yeremia alikuwa Yerusalemu akitembea na nira shingoni kama ishara kwamba watu watamtumikia mfalme wa Babeli. Akatokea Hanania, nabii wa kutoka Gibeoni, akasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza: ndani ya miaka miwili vyombo vitarudi, Yekonia atarudi, mateka wote watarudi. Hebu fikiria makofi yaliyopigwa siku hiyo! Hata Yeremia mwenyewe aliitikia amina, Bwana na afanye hivyo. Ndicho ninachompendea mzee huyu, hakuwa na kijicho na habari njema. Lakini aliongeza kwamba nabii anayetabiri amani atajulikana neno lake litakapotimia. Hanania akaivua ile nira shingoni mwake akaivunja, naye Yeremia akaenda zake. Bwana alipomrudisha kwa Hanania, alikuwa na neno lingine: umewatumainisha watu hawa uongo, utakufa mwaka huu. Hanania alitabiri mwezi wa tano. Mwezi wa saba alikuwa amekufa.

Baada ya hapo ndipo inakuja sura ya 29, nayo ni barua. Yeremia aliwaandikia wale mateka, na hakuwaambia wafunge mizigo. Aliwaambia wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuozesha, wauombee amani mji ule ule uliowateka. Halafu ndiyo aya ya kumi, ambayo sijaiona kwenye matatu hata moja: Babeli itakapotimiziwa miaka sabini, nitawajilia. Sabini, Mama Baraka! Mtu mzima aliyesomewa barua ile alijua atafia Babeli. Aya yako ya 11 ilisemwa kwa watu hao, waliokuwa na majembe mikononi.

Na neno lilitimia. Koreshi wa Uajemi aliiteka Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo, mwaka uliofuata akatoa amri Wayahudi warudi kwao wakajenge nyumba ya Bwana. Danieli alikuwa amezeekea huko huko ugenini, akifanya kazi za serikali chini ya mfalme mmoja baada ya mwingine, na ni yeye aliyesoma vitabu akakuta hesabu ya Yeremia inakaribia, akafunga na kuomba. Msingi wa hekalu ulipowekwa tena, Ezra anasema wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu, wengine wakapiga kelele za furaha, hata kelele na kilio havikuweza kutofautishwa. Wazee hao waliondoka wakiwa watoto, wakarudi na mvi. Mimi nafikiri walifika kwa sababu baba zao walipanda hizo bustani.

Angalia pia Simeoni. Roho alimwonya kwamba hataona mauti kabla hajamwona Kristo. Hakupewa mwezi, hakupewa tarehe, na Luka hasemi popote kwamba kuna mtu alimwomba sadaka ili neno liharakishwe. Nasema hivi kwa sababu ya ile sadaka ya mbegu uliyoambiwa upande, na ile nyingine ya "kufungua pasipoti". Hela yako ni yako, sikupangii. Ila Yeremia barua yake haikumletea hata thumni. Mmoja wa wale mateka aliandika barua Yerusalemu kulalamika kwamba kwa nini hajafungwa, na baadaye wakuu wakamtumbukiza shimoni, akazama matopeni.

Wala sisemi kwamba aliyekutabiria ni mwongo. Mungu anajua. Nasema hivi: neno likiwa la Bwana, kliniki ya Embakasi haiwezi kulizuia. Abrahamu alizaa na Hajiri akiwa na miaka 86, na bado Isaka, mtoto wa ahadi, alikuja Abrahamu akiwa na 100. Kama hilo halikumfunga Mungu mikono, mshahara wa kila mwezi utamfungaje? Na neno lisipokuwa la Bwana, utakuwa na kazi, na Baraka atakuwa darasani. Wewe mwenyewe tulilia pamoja habari za Shakahola mwaka 2023, wale waumini walioambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka kufa, ilipofukuliwa miili zaidi ya 400 msituni. Najua kesha yenu haiko huko kabisa. Lakini tangu wakati ule, nikisikia mtu amekabidhi akili yake kwa tarehe aliyopewa na mtu, tumbo linanikata.

Halafu kuna jambo la kawaida tu. Mtihani wa Kiingereza wanaoutaka Uingereza hujaufanya, na una ada. Ada hiyo itatoka wapi, kama kochi limeliwa na friji imeliwa? Mimi naona kama kazi imekuja kulipia hiyo safari unayoingojea. Ndivyo ninavyoona mimi, unaweza kukataa.

Umesema wanataka jibu kufikia Ijumaa. Wajibu ndiyo. Jumamosi nitakuja na shemeji yako na ile pikapu ya jirani, tukuletee kochi letu la pili, hapa linajaza nafasi tu. Halijachakaa, ila mguu mmoja wa nyuma unahitaji msumari. Na uniambie Baraka anavaa saizi gani ya sweta, soko la Gikomba ninapita kesho kutwa.

Nisalimie shosho.

Ni mimi rafiki yako katika Kristo,
Mama Zawadi