Makufuli ya kidole hayatufai sisi wa baiskeli za kazi

Mhariri,

Assalam aleikum. Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako nizungumze juu ya haya makufuli mapya ya baiskeli yasiyokuwa na ufunguo, yale unagusa kidole linafunguka ama unalifungua kwa simu. Siku hizi ukishika simu tu waletewa tangazo lake, na madukani pia yawekwa mbele kabisa kwenye kioo, na vijana wetu wanaopeleka chakula kwa baiskeli wanayanunua. Juzi mpwa wangu kaja kuniuliza, mjomba nataka kutoa elfu sita na mia tano nichukue moja, wasemaje? Nkamwambia keti kwanza. Yale nliyomwambia ndo nataka na wengine wayasikie kabla hawajatoa pesa zao.

Mimi ni mwashi. Naishi Likoni lakini kazi nyingi napata kisiwani, Tudor, Kizingo, Ganjoni, popote, kwa hivo kila asubuhi navuka feri na baiskeli yangu, ile nyeusi kubwa ya zamani yenye kariya ya chuma, na kwa kariya kuna ndoo, mwiko, timazi na pima maji. Ikiibiwa leo basi kesho nusu ya kibarua changu yaishia kwa nauli, na utingo wa matatu hakubali ndoo yenye simiti ndani. Kwa hivo habari ya kufuli kwangu ni kubwa.

Ramadhani ya mwaka jana nkanunua hilo la kidole. Muuzaji alinieleza vizuri sana, ati laweza kuweka vidole kumi, betri yakaa miezi, maji hayaingii. Siku ya kwanza likafunguka, ya pili likafunguka, ya tatu natoka saiti jioni, saumu ishanikaba na Maghribi imekaribia, naweka kidole linakataa. Nabadilisha kidole, linakataa. Nanawa mikono kwa maji ya pipa, najifuta kwa shati, linakataa. Nlifuturu pale pale getini na tende mbili za askari wa jengo, baiskeli imefungwa kwa nguzo na mimi nimesimama kando yake, mpaka nkapiga simu nyumbani mwanangu akavuka feri kuja kunifungulia kwa simu yake, manake yangu ni ya kubonyeza na ile programu ya kufuli tuliiweka kwa yake. Nlifika kwangu saa tatu usiku.

Sababu nlikuja kuielewa baadaye. Simiti inakula ngozi. Ile mistari ya kidole ambayo mashine inaisoma, kwa mwashi imesagika kama imepigwa msasa, ukipumzika siku kadhaa inarudi kidogo, ukishika zege tena inaondoka. Na si sisi waashi peke yetu, muulize anayepaa samaki, muulize mama anayefua nguo za watu, muulize kuli wa magunia, hata kidole chenye maji tu au mafuta ya nazi chaweza kukataliwa. Sasa niambie, Mombasa hii nani anaendesha baiskeli kila siku? Ni hao hao. Muuza mkate, muuza maji na mitungi yake, mvuvi, fundi. Yaani hili kufuli limetengenezewa mkono laini, halafu tunauziwa sisi.

Halafu kuna chumvi. Kwa boksi wameandika IP67, na muuzaji akasema hiyo maana yake hata ukilitumbukiza baharini ni sawa. Sivyo. Hiyo 6 ni ya vumbi, hiyo 7 ni kwamba kitu chaweza kuzama mita 1 kwa dakika 30 bila kuharibika, lakini maji ya kipimo hicho ni maji matamu, hayana chumvi. Sisi twaishi na chumvi hewani usiku na mchana, mabati yanaoza, feni zinaoza, nondo ukiziacha nje wiki mbili zishabadilika rangi. Kufuli langu baada ya miezi minne kile kitundu cha chaji kikaota ukungu wa kijani, chaji haiingii tena, na kufuli lenyewe halina tundu la ufunguo hata la dharura. Kufuli la kawaida nalo lapata kutu, sikatai, lakini tone la mafuta ya cherehani kila Ijumaa na maisha yaendelea.

Lakini hayo yote ni madogo ukilinganisha na hili ambalo sioni mtu akilisema. Mwizi wa baiskeli haji kubahatisha ufunguo wako, yeye anakuja na koleo ama mkasi wa kukata chuma. Kwa hivo ukitoa ufunguo ukaweka kidole, yeye hujamuongezea kazi yoyote! Kinachomchelewesha ni unene na ugumu wa chuma, na makufuli mengi haya pesa imeingia kwa betri na kitaa, chuma ndo kikapunjwa. Langu lilikuwa na waya mwembamba uliovishwa plastiki. Lilipokufa nkalipeleka kwa fundi wangu wa kuchomelea alikate, hata grenda hakuwasha, alichukua mkasi akabana mara mbili, baiskeli ikawa huru. Nlisimama pale nkahisi kama nimepigwa kofi, manake miezi minne nlikuwa naiacha barabarani kwa uzi ule.

Na usidhani yale ya bei kali ndo salama. Mwaka 2018 kuna kufuli la kidole linaitwa Tapplock, la karibu dola 100, watafiti wa Uingereza wakagundua kwamba namba ya siri ya kulifungua inatokana na anwani ya Bluetooth ambayo kufuli lenyewe linaitangaza hewani, yaani ni kama mtu kafunga mlango akaandika ukutani ufunguo nimeweka wapi, wakalifungua kwa simu chini ya sekunde 2. Mwingine akabandika kishikio kwa gundi nyuma ya kufuli hilo hilo, akazungusha kifuniko kikatoka, ndani akakuta skrubu za kawaida tu. Mambo yalifika mpaka kwa tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani, na mwaka 2020 kampuni ikakubali masharti, kwa sababu ilikuwa imewaambia wateja kwamba kufuli halivunjiki.

Nitasema haki pia, ufunguo wenyewe haujawahi kuwa dawa ya kila kitu. Mwaka 2004 makufuli ya Kryptonite ya Marekani, yenye ule ufunguo wa mviringo, watu waligundua yanafunguka kwa ganda la kalamu ya Bic, unalisukuma ndani unazungusha, basi, na kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja. Na yale ya kuzungusha namba, mwenye subira na vidole vyepesi yale ya bei rahisi anayapata bila hata kuyavunja, na mtu mzima kama mimi usiku siioni namba.

Kuna kitu kimoja katika haya mapya nakisifu kwa moyo wote, kile king'ora. Lile la jirani yangu likitikiswa linapiga kelele mtaa mzima, na kwetu Likoni kelele ikipigwa watu wanatoka nje, hakuna mtu anayeketi ndani akasikiliza tu. Hiyo ni faida ya kweli, lakini king'ora chapatikana pia kwa kufuli la ufunguo, tena kwa pesa kidogo. Na kwa baiskeli za kukodisha kufuli la simu lina maana. Uchina kampuni kama Mobike ilianza mwaka 2016 Shanghai, baiskeli moja inaendeshwa na watu wengi kwa siku, kila mtu anapiga picha kwa simu ile alama ya QR iliyo kwenye baiskeli, kufuli linafunguka, sasa hapo ungegawa funguo ngapi? Kwa hivo mtu akitaka kukodishia wageni Nyali ama Diani, hiyo ni biashara, apige hesabu yake. Mimi nna baiskeli moja na mtu mmoja wa kuiendesha, ufunguo wangu nimeufunga kwa kamba shingoni miaka na miaka sijaupoteza.

Nlichomwambia mpwa wangu ni hivi, nunua chuma. Lile kufuli la umbo la U, chuma kilichokomazwa, kikifika unene wa milimita 16 mkasi wa mkono haukiwezi. Grenda italikata, hapo sikudanganyi, lakini grenda ina moto na kelele. Ukikuta limeandikwa Sold Secure, hiyo ni taasisi ya Uingereza ambayo makufuli wanayashambulia kwa vyombo kisha wanayapa daraja, shaba, fedha, dhahabu mpaka almasi, lakini hakikisha si stika iliyobandikwa jana. Halafu lipitishe kwa fremu na gurudumu la nyuma pamoja, na lishike kitu kilichozikwa ardhini. Tairi la mbele peke yake usifunge, utarudi ukute tairi lako lipo na baiskeli haipo.

Na hapa ndo pana shida yenyewe, Bwana Mhariri. Kitu kilichozikwa ardhini kiko wapi? Ukienda Marikiti, ukienda Mwembe Tayari, Kongowea, pale Likoni upande wowote wa feri, baiskeli zimeegemezwa ukutani, zimefungwa zenyewe kwa zenyewe, mtu akinyanyua akatia kwa mkokoteni ameenda nayo na kufuli lake juu. Kufuli la elfu sita ama la mia sita, likifunga baiskeli kwa hewa halina kazi.

Kwa hivo ombi langu ni kwa kaunti na kwa wenye masoko na majengo. Tuwekeeni vyuma vya kufungia. Ni bomba la inchi mbili linapindwa kama U iliyogeuzwa, linazikwa futi moja na nusu, linamwagiwa zege, rangi ya kuzuia kutu juu, na bomba moja linafunga baiskeli mbili. Wapindaji wa bomba tunao, wachomeleaji tunao. Nipewe bomba kumi, mifuko ya simiti na kokoto, na ruhusa ya kuchimba, mimi na vijana wangu wawili tutazisimamisha pale Marikiti kwa siku moja, na pesa ya ufundi sitaki.

Mwashi wa baiskeli,
Likoni, Mombasa